Jamhuri ya Watu Wawili

Mpiga gitaa mmoja, mpiga dramu mmoja, mwimbaji hakuna. Hella, kundi la Sacramento nchini Marekani, lilikaa na umbo hilo kwa miaka michache tu. Likaongeza watu, likatawanyika, likarudi kuwa la wawili. Makala hii inasimulia safari hiyo, ikianza na jamhuri moja ya zamani.

Aprili 7, 1850, wachimba dhahabu wa kijiji cha Rough and Ready, kwenye vilima vya kaskazini mwa California, walichoka na serikali. Walikuwa wamewekewa kodi ya uchimbaji na hawakuona kilichorudi kwao baada ya kuilipa. Wakakutana, wakapiga kura, wakajitoa Marekani. Wakamchagua rais wao, E. F. Brundage, wakatunga na katiba. Ilipofika Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, vijiji vya jirani vilikuwa katika shamrashamra na vinywaji, na raia wa jamhuri changa wakabaki kutazama kwa mbali. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo uzalendo ulipowaishia: siku hiyohiyo wakarudi walikotoka. Taifa lao liliishi siku 88.

Mwaka 2002 jina la taifa hilo lilizuka upya kwenye orodha ya nyimbo za CD. Wimbo wa nne katika albamu ya kwanza ya kundi la Hella, “Hold Your Horse Is”, unaitwa “Republic of Rough and Ready”. Nauita wimbo kwa kukosa neno jingine, maana hakuna aliyeuimba. Kuna gitaa la Spencer Seim na dramu za Zach Hill, basi. Usipoambiwa, huwezi kujua kwamba kelele hizo zenye mpangilio zina uhusiano wowote na wachimba dhahabu waliogoma kulipa kodi.

Jina hilo lingewafaa wenyewe pia. Nao walikuwa nchi ndogo iliyojitangazia uhuru katikati ya dola kubwa la roki, ikaendesha mambo yake kwa sheria zake, kisha ikaisha mapema.

Neno la mtaani

Kaskazini mwa California vijana wana neno lao, “hella”. Maana yake ni “sana”. Kitu kikiwa kizuri sana, ni “hella” kizuri. Kikiwa kibaya sana, hella vilevile. Kijana wa Dar es Salaam angesema “kinoma” na kazi ikaisha. Ukijua hivyo, unajua kundi lilichokuwa linaahidi kabla hata ya kubonyeza kitufe: muziki wa kuzidisha, wa kupitiliza kipimo.

Hill na Seim walikuwa wamekwishapiga pamoja katika kundi lililoitwa Legs on Earth. Lilipokwisha, mwaka 2001, wao wawili wakaendelea. Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, si Los Angeles wala San Francisco. Ni mji wa maofisa wa serikali na mashamba, ambao wasanii huulalamikia kwamba kila kitu cha maana kinatokea saa mbili kutoka hapo. Hata hivyo mji huo umewahi kuzaa Deftones na Cake, na ndiko Russ Solomon alikoanzisha maduka ya Tower Records mwaka 1960, maduka yaliyokuja kuuza santuri katika mabara kadhaa.

Kwa vijana wasio na fedha, kundi la wawili lina faida za wazi. Gari dogo linatosha kuzunguka nalo. Chakula ni cha watu wawili. Fedha za mlangoni zinagawanywa mara mbili badala ya mara tano. Mazoezi hayavunjiki kwa sababu mpiga besi amepata zamu kazini. Hasara yake ni moja, lakini nzito: hakuna pa kujificha. Mmoja akiteleza, nusu ya bendi imeteleza.

Sebene kutoka mwanzo hadi mwisho

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunaijua hali ya waimbaji kukaa pembeni na gitaa kuchukua usukani. Ndiyo sebene. Lakini katika dansi sebene ina mlango wake: kwanza beti, kwanza habari ya mapenzi au ya mtu aliyeondoka, ndipo magitaa yafunguliwe. Wapenzi wa taarab nao wanaijua bashraf, ala tupu inayofungua shughuli kabla waimbaji hawajapanda. Hella waliondoa beti zote. Hakuna aliyekaribishwa kuimba kabla wala baada.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1991 vijana wa Louisville, Kentucky, waliojiita Slint walitoa albamu iitwayo “Spiderland”, ambamo sauti ya mtu mara nyingi inanong’ona na magitaa ndiyo yanayosimulia. Pittsburgh kulikuwa na Don Caballero, ambao hawakuimba kabisa na ambao mpiga dramu wao, Damon Che, alipewa nafasi ambayo bendi nyingine humpa mwimbaji. Chicago kulikuwa na Tortoise. Wachambuzi wakaubandika muziki wa aina hiyo jina la “roki ya hesabu”, kwa sababu ukijaribu kuusindikiza kwa kupiga makofi unapotea njia.

Maelezo yake ni haya. Nyimbo nyingi za roki, na za bongo fleva pia, zinakwenda kwa nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha mwanzo tena. Mwili wako unajua “moja” inarudi lini hata ukiwa umelala nusu. Bendi za hesabu zinakuchezea hapo. Mstari mmoja unakwenda kwa saba, unaofuata kwa tano, halafu wapigaji wanakutana mahali ambapo hukuwategemea. Mguu wako unaganda hewani.

Wengi wa wapigaji hao walikuwa watulivu, watu wa kutazama vidole vyao. Hella walichukua hesabu hizo wakazipiga kama watu wanaokimbizwa. Hill hapigi dramu kwa kushika mdundo wa kuwabeba wenzake. Anajaza kila upenyo, anaviringisha mapigo juu ya mapigo, na katika kila pigo unasikia mtu mzima, mabega na mgongo. Kazi ya kushika njia wakati huo anaachiwa mwenye gitaa. Majukumu yamebadilishana viti: dramu ndiyo inayopayuka kama mwimbaji, gitaa ndilo linalohesabu.

Siri iko kwenye mashine ya kuchezea

Kwa nini gitaa la Seim lilikubali kazi hiyo? Jibu moja ni kwamba Seim mwenyewe ni mpiga dramu. Katika kundi lake jingine, The Advantage, lenye asili ya Nevada City, kilomita chache kutoka Rough and Ready, yeye ndiye aliyekalia kigoda cha dramu. Kwa hiyo ndani ya Hella walikuwapo wapiga dramu wawili, mmoja wao akiwa ameshika gitaa.

Jibu la pili liko katika kile The Advantage walichokuwa wanapiga: muziki wa michezo ya televisheni ya Nintendo. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 1983 na kuingia Marekani mwaka 1985. Waliokulia katika miji yetu miaka ya 1990 wanaukumbuka ulimwengu huo kupitia mashine za kuiga zilizouzwa bei ya chini, pamoja na kaseti ambazo ilibidi uzipulize vumbi ndipo zikubali kucheza. Unakumbuka na mlio wake: ule wa kuparuza, wa haraka, usiokatika mpaka mama azime umeme.

Ndani ya mashine ile kulikuwa na njia 5 tu za sauti. Mbili zilitoa sauti kali za kubeba wimbo. Ya tatu ilikuwa laini zaidi na kwa kawaida ilifanya kazi ya besi. Ya nne ilitoa mchakacho, ukawa ndio ngoma. Ya tano ilicheza vipande vifupi vilivyorekodiwa. Mtunzi aliyetaka sauti tatu zilie kwa pamoja, huku wimbo na besi vikiendelea, alikuwa amekwama. Ujanja uliopatikana ni kuzivunja zile sauti tatu na kuzipiga moja baada ya nyingine, kwa kasi kiasi kwamba sikio linadhani zimelia kwa mpigo mmoja. Uhaba ulizaa mtindo mzima wa utunzi.

Sasa msikilize Seim. Yuko peke yake, hana besi wala gitaa la rithimu nyuma yake. Naye anavunja sauti zake vipande vipande na kuzimwaga kwa kasi, nyuzi za chini zikijibu za juu, mpaka gitaa moja linajaza nafasi ya matatu. Hella hawakulificha deni hilo. “Hold Your Horse Is” inafunguliwa na kipande kifupi cha sauti za mashine ya michezo, “The D. Elkan”, kama vile umewasha televisheni na mchezo unataka kuanza. Mara kinakatika, dramu zinaingia na “Biblical Violence”, na hapo unagundua mchezo wenyewe ni ule ule, ila sasa unachezwa na binadamu wanaotoka jasho.

Neno pekee ni jina

Bendi isiyoimba inabaki na nafasi moja tu ya kutumia lugha, nayo ni majina ya kazi zake. Hella waliitumia nafasi hiyo kwa utundu. Jina la albamu yenyewe ni msemo wa Kiingereza wa kumwambia mtu asiwe na pupa, lakini umekatwa vibaya makusudi ukabaki unaning’inia. Kuna kipande chenye jina la ndizi za mgahawani. Kingine kinamwambia msikilizaji bora akatafute ufagio.

Ni rahisi kuyaona majina hayo kuwa mzaha wa vijana, na kwa sehemu ni mzaha. Lakini yana kazi. Mtunzi wa muziki wa ala akikiita kipande chake “Huzuni” au “Machweo”, amekwishakuamulia la kuhisi. Ukiambiwa ni ndizi za mgahawani, unabaki huru. Unalazimika kuusikiliza muziki wenyewe, kwa kuwa jina limekataa kukusaidia. Na katikati ya mizaha hiyo ndipo “Republic of Rough and Ready” ilipochomekwa, jina la historia ya kweli ya nyumbani, bila maelezo yoyote.

Lebo ndogo, muda mzuri

Albamu hiyo ilitolewa na lebo ya 5 Rue Christine, tawi la Kill Rock Stars ya Olympia, jimbo la Washington. Kill Rock Stars, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Slim Moon, ilikuwa na jina kubwa katika dunia ya lebo huru: ilitoa kazi za Bikini Kill, Sleater-Kinney na Elliott Smith. Tawi lake liliwekwa kwa ajili ya mambo ambayo hata ndugu mkubwa aliyaona ya ajabu. Humo Hella walikutana na majirani kama Deerhoof na Xiu Xiu.

Wakati nao ulikuwa wao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wawili-wawili walikuwa wamepamba moto. Kutoka Detroit, The White Stripes walikuwa wanaithibitishia dunia kwamba gitaa na dramu vinaweza kujaza viwanja. Kutoka Providence, Lightning Bolt, besi moja na dramu moja, walipiga sakafuni katikati ya watu badala ya jukwaani, na mwaka 2003 wakatoa “Wonderful Rainbow”. Biashara ya CD ilikuwa bado inapumua. Tower Records, mtoto wa Sacramento, ilikuwa bado na milango wazi, ingawa mwaka 2006 ingefunga maduka yake yote ya Marekani.

Katika mazingira hayo Hella walifanya kazi kama wanaojua kuwa muda ni mfupi. Mwaka 2003 wakatoa rekodi ndogo, “Total Bugs Bunny on Wild Bass”, iliyozama zaidi katika sauti za mashine. Mwaka 2004 ikaja “The Devil Isn’t Red”, kazi ya gitaa na dramu iliyokomaa na yenye makali kuliko ya kwanza. Kwa maoni yangu jamhuri ilifikia kilele chake hapo. Wawili hao wanasikika kama watu wanaomaliziana sentensi.

Paa moja, vyumba viwili

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 2005 Hella walijaribu kuukwepa msemo huo kwa kujenga zizi la vyumba viwili. Walitoa albamu pacha, “Church Gone Wild/Chirpin’ Hard”, kupitia lebo ya Suicide Squeeze. Diski ya kwanza ni ya Hill peke yake. Ya pili ni ya Seim peke yake. Jina la kundi liko kwenye kasha, lakini ndani hawakutani.

Wazo hilo halikuwa geni. Miaka miwili kabla, OutKast wa Atlanta walikuwa wamefanya jambo kama hilo na kuuza mamilioni. Tofauti ni kwamba OutKast walikuwa na maneno na sura za kuwatambulisha. Hella walikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni ile nafasi kati ya mtu na mtu, ambapo gitaa linauliza na dramu inakatiza kabla swali halijaisha. Ukiwatenga, kila mmoja anabaki kuwa fundi, lakini kile ulichokuja kukisikia hakipo. Diski ya Hill ni nzito, imejaa sauti zilizorundikana. Ya Seim ni ya kuchangamka, imelala upande wa Nintendo. Ukizisikiliza kwa zamu unaelewa kila mmoja alikuwa analeta nini mezani, kama mtu anayeonja nazi na samaki mbalimbali kisha akakumbuka mchuzi.

Mwaka huohuo walianza kupanda jukwaani wakiwa wanne, Dan Elkan na Jonathan Hischke wakiwa wameongezeka. Kisha yakaja mabadiliko makubwa zaidi. Albamu ya mwaka 2007, “There’s No 666 in Outer Space”, iliyotolewa na Ipecac, ilikuwa na watu watano: Hill, Seim, Josh Hill kwenye gitaa, Carson McWhirter kwenye besi, na kwa mara ya kwanza katika albamu nzima, mwimbaji, Aaron Ross.

Isichukuliwe kwamba albamu hiyo ni mbovu. Wapigaji ni wazuri, na wako wanaoipenda kuliko zote. Lakini manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na hapa mrama wenyewe ulikuwa wa aina yake: chombo kilitulia mno. Besi ilipoingia, Seim hakuhitaji tena kuvunja sauti zake ili ajaze pengo, kwa sababu pengo halikuwapo. Mwimbaji alipofungua kinywa, dramu za Hill zilizokuwa zinapayuka zikalazimika kumpisha. Ule uhaba uliozaa mtindo ulipoondolewa, mtindo nao ukaanza kufanana na wa wengine.

Kundi la watano halikutoa albamu nyingine. Mwaka 2011 Hella walirudi na “Tripper”, chini ya lebo ya Sargent House, na kwenye orodha ya wapigaji kulikuwa na majina mawili tu: Zach Hill na Spencer Seim. Walikuwa wamezunguka mduara mzima.

Walichokiacha

“Tripper” ilipotoka, Hill alikuwa ameshaanza jambo jingine. Mwaka 2010, hapohapo Sacramento, alikuwa ameunda Death Grips pamoja na mghani MC Ride na Andy Morin. Mwaka 2012 kundi hilo lilitoa “The Money Store” kupitia Epic, lebo kubwa kabisa. Miezi michache baadaye wakaiweka albamu yao iliyofuata kwenye intaneti bila kuisubiri lebo, na ndoa ikavunjika. Walioshangaa kitendo hicho pengine hawakujua Hill ametokea wapi. Kujitenga na dola kubwa bila kuomba ruhusa hakukuwa jambo geni kwake.

Kabla ya hapo dramu zake zilikuwa zimesikika kwa wengi. Alipiga katika Team Sleep ya Chino Moreno wa Deftones, kwenye albamu za mpiga gitaa Marnie Stern kuanzia mwaka 2007, na pamoja na Omar Rodríguez-López wa The Mars Volta. Amekuwa mmoja wa wapiga dramu ambao wenzao huwataja wakiulizwa nani amewatia woga.

Lakini ukitaka kumsikia Hill akiwa na mtu anayeweza kumjibu, unarudi miaka ile ya 2002 hadi 2004. Death Grips ni kundi kubwa zaidi kwa kila kipimo cha umaarufu, na humo dramu zake zinaitumikia sauti ya mtu mwingine. Katika Hella hakuna aliyekuwa mtumishi. Kundi lililojipa jina la kuzidisha lilikuwa na nguvu zaidi lilipokuwa na vitu vichache zaidi.

Anayetaka kuanza aanze na “Biblical Violence”. Asikilize mara tatu. Mara ya kwanza atadhani ni fujo. Mara ya pili amfuate Seim peke yake, ahesabu nyuzi. Mara ya tatu amfuate Hill. Baada ya hapo aende kwenye “Republic of Rough and Ready”, na sasa ajaribu kukumbuka kwamba hapo kulikuwa na rais, katiba na raia.

Rough and Ready bado ipo, kijiji kidogo karibu na barabara namba 20, magharibi mwa Grass Valley. Kila mwaka wakazi wake hukusanyika kuadhimisha kujitenga kwao. Kimekuwa ndani ya Marekani kwa zaidi ya miaka 170, kimya, kikilipa kodi kama vijiji vingine. Sherehe hiyo haihusu miaka hiyo. Inahusu zile siku 88.